Barua za Jukwaani: Siku Ambayo Haikuwapo

Wiki hizi niko Tanga kwa dada yangu. Goti limenigomea, kwa hiyo barua nimezisomea barazani, mguu juu ya kigoda. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nina maisha ya mtu yaliyoandikwa, nataka yapande jukwaani na yaseme neno mbele ya wakubwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nami nimekulia jirani na mkonge. Asiyependa akanishtaki kwa mhariri.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza. Babu yangu mzaa baba aliletwa mkongeni kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Kasulu, mwaka 1951 kwa hesabu yake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha miaka ya sabini, na tangu hapo hakuiweka kalamu chini. Ametuachia madaftari manne makubwa ya kaunta, yote habari za maisha yake. Nina kikundi cha vijana tisa, tumetunga igizo la Mei Mosi. Tulipolijaribu lilichukua saa tatu na nusu, watu wakaanza kuondoka, na mzee mmoja aliyefanya kazi na babu akaniambia, “Mwanangu, hii ni hotuba.” Nimekata, nikakata tena, bado ni hotuba. Halafu baba zangu wadogo hawataki nimtaje mke wa pili wa babu, na babu mwenyewe amemwandika kurasa arobaini. Nifanyeje?

Marahaba, mwalimu. Huyo mzee mtafutie kiti chenye mgongo, umweke mbele kila siku ya mazoezi. Umepata mwongozaji msaidizi bure.

Nimesoma igizo lako, na nimesoma zile kurasa kumi na mbili ulizozipiga picha. Nikwambie kweli: babu anaandika vizuri kuliko wewe. Sikutukani. Wewe umesoma habari za ukoloni, basi kila babu akitaka kufungua mdomo unamwahi kumfafanulia. Angalia daftari la pili. Anaeleza kipande, ile kadi ya kazi yenye nafasi thelathini. Mshahara hautoki mpaka nafasi zote zijae, na siku ambayo hukumaliza kazi haitiwi alama. Kisha anaandika: “Siku hiyo nilikata mafungu sitini na nane, na kazi ni sabini. Mnyapara hakuandika. Siku hiyo haikuwapo.” Mstari unaofuata ameshaingia kwenye habari za mvua.

Siku hiyo haikuwapo! Fungu moja, kwa maelezo yake, ni majani thelathini. Mtu amekata majani elfu mbili na arobaini, miiba imemchoma mapaja, jioni anaambiwa leo hukuwa hai. Kwenye igizo lako jambo hili limepata nusu sentensi, tena mdomoni mwa msimulizi, halafu anaingia kijana mwenye suti kutufundisha maana ya unyonyaji kwa dakika ishirini. Mwondoe kijana wa suti. Akinuna mpe kazi ya kuuza tiketi.

Daftarini babu yuko peke yake na saa ni yake. Kwa nukta moja anaruka miaka mitatu. Jukwaani nukta hiyo haipo. Jukwaani lazima pawe na mtu anayemkatalia kitu, hapohapo, tukimwona. Kwako ni mnyapara, na tafadhali usimfanye shetani mwenye kiboko na kicheko. Mpe penseli fupi, mpe haraka, mpe bwana shamba anayemsubiri ofisini na hesabu zake. Babu anahesabu mafungu kwa sauti, mnyapara anayarudia, na watazamaji, watake wasitake, wanahesabu pamoja nao. Mkifika hamsini ukumbi utakuwa umetulia kama msibani. Mkisimama kwenye sitini na nane hakuna atakayehitaji kuambiwa neno “mkoloni”.

Hili Waafrika Kusini walilijua mapema. Mwaka 1972 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitengeneza *Sizwe Banzi Is Dead* kwa kuzungumza na kujaribujaribu mazoezini, si kwa mtu mmoja kujifungia chumbani. Kani aliwahi kuajiriwa kiwanda cha magari Port Elizabeth, na mchezo unafunguliwa na masimulizi marefu ya mtu aliyetoka kwenye kiwanda kama hicho: bwana mkubwa anakuja kutoka ng'ambo, na ghafla kila mtu anasugua sakafu na kupaka rangi. Watu wanacheka mpaka wanasahau wako wapi. Halafu inaingia pasi, kijitabu kinachoamua mtu mweusi alale mji gani na afanye kazi wapi. Mtu anachukua pasi ya maiti ili apate kibali cha kazi, na kwa kufanya hivyo anazika jina lake mwenyewe. Hakuna anayesimama kutufafanulia ubaguzi wa rangi. Pasi ile na kipande chako ni mtu na nduguye. (Wakenya nao wanalijua neno hili: kwao kipande kilikaa kwenye kibati, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi.)

Sasa habari ya kukata. Wewe umekata sentensi, ndiyo maana hotuba imebaki hotuba ila imekuwa fupi. Kata matukio. Kila tukio la madaftari yote manne liandike kwenye kikaratasi, uvitandaze sakafuni darasani, kisha waambie vijana waokote yale tu wanayoweza kuyaonyesha bila kusema neno. Mimi nikifanya hivyo, kati ya sitini hubaki kumi au kumi na mbili. Utaumia. Babu alivyopanda treni Kigoma ni habari tamu, lakini mtu kukaa kwenye benchi na kutikisika kwa dakika kumi ni benchi tu. Iache daftarini, na daftari waachie wajukuu.

Wala usianzie Kasulu alipozaliwa. Anza kadi ikiwa na alama ishirini na sita. Zimebaki siku nne apate fedha, na babu ana deni dukani. Humo katika siku nne utaingiza yote: barua ya nyumbani, homa, wimbo, na habari za mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958, ambao wewe umeupa hotuba tatu na babu ameupa mstari mmoja, kwamba usiku walipozipata habari zile “hatukuzima koroboi”. Hizo koroboi ziwake. Ukisogeza miaka kidogo ili mambo mawili yakutane usiku mmoja, babu hatakukemea, mradi usimpe ushujaa ambao hakuudai. Yeye hasemi aligoma. Anasema hakuzima taa. Mwache na woga wake, maana nusu ya wazee watakaokaa mbele yako walikuwa na woga huohuo, na hao ndio unaotaka wabaki kitini.

Kwamba babu alijifunza kuandika kwenye kisomo kumenikumbusha Kamirithu, kule Limuru, Kenya. Mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* wa 1977 ulizaliwa kwenye kituo cha kijiji kilichokuwa kikiendesha masomo ya watu wazima. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta rasimu, na wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, wakaisahihisha: mzee hasemi hivyo, wimbo huo hauimbwi hivyo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba waliotengeneza bunduki za bandia za mchezo ni walewale waliowahi kuwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli. Basi nawe wapelekee wazee igizo kabla ya Mei Mosi, si siku yenyewe. Nimeona video yako. Kijana anayecheza babu anashika kisu cha mkonge kama anakata keki ya harusi.

Nimefika kwa mke wa pili. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia muache, ndoa za watu ni za watu. Halafu nikaisoma ile nusu ukurasa uliyoituma, pale babu anaposema kadi ilipochelewa kujaa huyu mama ndiye aliyekuwa akimkopesha unga, kwa sababu alikuwa akipika na kuuza kambini. Mwalimu, huyo huwezi kumtoa. Kama kadi ya siku thelathini ilichukua siku arobaini kujaa, zile kumi za ziada manamba alikula nini? Alikula jasho la mwanamke ambaye hakuandikwa kwenye kadi yoyote. Ukimfuta utakuwa umewaambia watu kwamba mshahara ule ulimtosha babu yako, na utakuwa umelifanyia shamba kazi ambayo hata mnyapara hakuifanya.

Lakini ana watoto, na watoto hao ndio baba zako wadogo. Usiende na mswada mkononi. Nenda na shangazi yako mkubwa, nenda na sukari, mkae, muwaulize wao wanamkumbuka vipi mama yao. Waambie mambo ya chumbani hayatapanda jukwaani, na usipandishe kweli. Jina lake si lazima. Mpe debe la unga na kibaba cha kupimia, mkopeshaji anayepima huku akijua hatalipwa leo. Kati ya kurasa arobaini unazihitaji mbili. Wakikataa kabisa hata debe, niandikie tena, maana hapo tutakuwa tumeingia kwenye ugomvi wa urithi na si wa sanaa.

Mama, shikamoo. Naandika kutoka Kilifi. Nimefanya kazi za ndani Ghuba miaka miwili na miezi minne. Simu nilikuwa nikipewa nusu saa usiku, ndimo nilimoandika kila kitu. Kuna kikundi kinataka kuyafanya mchezo na wanataka nijiigize mwenyewe, wanasema itawagusa watu zaidi. Mimi nataka watu wajue. Lakini nikifika pale paspoti inapochukuliwa mikono inatetemeka na sauti inakauka. Wananiambia hiyo ndiyo nzuri.

Marahaba mwanangu, na karibu nyumbani. Hiyo si nzuri. Anayekwambia ni nzuri hajawahi kulala na jambo hilo usiku baada ya watu kwenda zao.

Nakwambia kwa sababu mimi nilishafanya kosa hilo. Zamani, tukizunguka vijijini na sanaa za jamii, tulimpata mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Alikuwa msimulizi hodari, nami nikaona hazina. Nikamweka acheze mwenyewe. Siku ya onyesho shemeji mmoja alikuja, akasimama chini ya mwembe. Mama wa watu alipofika pale pa kufukuzwa akaacha maneno ya mchezo, akageuka, akaanza kumwomba shemeji yake kweli, kwa jina, amrudishie godoro la watoto. Watu wakapiga makofi. Walidhani anajua kuigiza. Nikawa nimesimama pembeni na karatasi zangu, sikujua nipige filimbi au nimfunike kanga.

Tangu siku ile mwenye maisha akiniambia anatetemeka, namtoa jukwaani na kumweka mahali penye nguvu zaidi: mezani, na mswada, na kalamu nyekundu. Albie Sachs, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, alifungwa peke yake mwaka 1963, siku 168, akaandika kitabu. Mwandishi wa michezo David Edgar akakigeuza mchezo, ukachezwa Uingereza 1978 na Royal Shakespeare Company. Aliyekaa kwenye ile selo ya jukwaani ni mwigizaji. Maisha hayakupungua ukweli kwa hilo.

Na kitabu kile kina jambo ambalo nilipoisoma barua yako nililirudia mara mbili. Sachs akiwa ndani alipiga mluzi, na mfungwa asiyemwona akamjibu kwa wimbo uleule. Wewe umeandika kwamba ukianika nguo juu ya paa ulikuwa ukimsikia mwanamke wa paa la pili akiimba wimbo wa Kigiriama, nawe ukimalizia kiitikio, na hamkuonana hata siku moja. Waambie hao wa kikundi mchezo uko hapo. Paa, kamba, shuka nyeupe, sauti ya pili nyuma ya shuka. Paspoti iingie baadaye, tena mikononi mwa mtu mwingine.

Wasipoelewa, wape mfano wa *Ubu and the Truth Commission*, mchezo wa 1997. Maneno ya mashahidi wa Tume ya Ukweli na Upatanishi ya Afrika Kusini yalisemwa na vikaragosi vya mbao, na wanaovishika walionekana waziwazi. Hakuna mwigizaji aliyejitia kulia machozi ya mama aliyepotelewa na mwanawe. Mbao ilikaa kimya usoni, na watu wakasikiliza maneno.

Kabla ya kukubali lolote, dai mambo haya kwa maandishi. Uwe na haki ya kutoa mstari wowote mpaka jioni ya onyesho lenyewe. Ujue kila mahali mchezo utakapochezwa na nani atarekodi, maana kijipande cha video kinaweza kufika mlangoni kwa wakala aliyekupeleka. Majina, mji, idadi ya watoto wa nyumba ile, vyote vibadilike. Na ulipwe. Mwenye ukumbi analipwa, mwenye spika analipwa, aliyeishi atalipwa kwa “kugusa watu”? Siku ya onyesho kaa karibu na mlango, na mtu wako. Ukitaka kutoka, toka.

Baada ya mwaka mmoja au miwili ukijisikia unataka kucheza mwenyewe, cheza. Huo utakuwa uamuzi wako, si wa kikundi.

Habari Mama. Sisi ni wanachuo, Nairobi. Mwenzetu ameandika maisha yake ya kukulia mtaa uliobomolewa. Tunataka kuigiza lakini tunaogopa kuzuiwa. Tubadilishe majina? Tukanushe mwanzoni kwamba ni ya kubuni?

Majina badilisheni. Kukanusha, sioni faida: mkisema “haya ni ya kubuni” kila mtu atajua si ya kubuni, na mwenzenu mtakuwa mmemwita mwongo mbele yake.

Kinga kamili sina. *Ngaahika Ndeenda* ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, Novemba kibali kikafutwa, mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe la Kamirithu likabomolewa. Kani na Ntshona, wale wa *Sizwe Banzi*, walikamatwa Transkei, Afrika Kusini, mwaka 1976 baada ya onyesho. Fuateni taratibu za vibali, muwe na nakala ya kila karatasi, na mtafuteni wakili mmoja asome mswada.

Cha kusaidia zaidi kiko kwenye maandishi ya mwenzenu. Chezeni yale tu aliyoyaona kwa macho yake. Nani alitoa amri, nani alikula fedha, hayo aliyasikia, na hapo ndipo mtakapobanwa. Lakini kwamba tingatinga lilifika alfajiri, na bibi yake akatoka na sufuria ya maharage yaliyokuwa bado motoni akaibeba mpaka barabarani, hilo aliliona, na hakuna wa kumkanusha. Maharage yale yana maneno mengi.

Je, tawasifu ikigeuzwa mchezo ni lazima abaki mtu mmoja anayesema “mimi, mimi” mpaka mwisho? (Zanzibar)

Si lazima, na mara nyingi hachoshi watu tu, anachosha hata viti. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, alifungwa 1969 mpaka 1972, akatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* kwenye karatasi za chooni. Humo limo shairi la Mnazi, ambamo Alii na Badi wanagombania mti mmoja, huyu juu na yule chini. Mtu mmoja selo, kalamu ya kuficha, na kichwani mna watu wawili wanaobishana! Jaribu hivyo: “mimi” wako mgawe. Mmoja awe yule aliyetenda, mwingine yule aliyekuja kuandika miaka ishirini baadaye, na wasikubaliane.

Mwalimu wa Muheza, Jumamosi ya pili nitakuja mazoezini, goti likiruhusu. Kipande usikikate kwenye manila ya dukani, mzee wako atacheka. Muulize kwanza kilikuwa rangi gani.